Pengo la Vidole Viwili

Mjomba wangu Stambuli hakuwa mtu wa kukaa. Nasema hivyo kwa maana ya kawaida kabisa. Ugali alikula amesimama, bakuli mkononi, bega limeegemea mwimo wa mlango. Misibani, wanaume wenzake wakitandikiwa mkeka, yeye alitafuta nguzo. Msikitini alichagua mahali pa mwisho karibu na ukuta, na kikao cha tahiyatu alikikalia ubavu mmoja, haraka, akanyanyuka kabla ya wenzake. Sisi watoto wa dada yake tulimwita Mjomba Nguzo. Mama yetu, Mwaisha, akitusikia alitupiga makofi ya kisogoni, na sababu hakusema.

Alipokufa, siku ya kwanza ya matanga akaja mzee mmoja kutoka Matombo, Mkristo, rozari shingoni, mkono wa kushoto umekauka begani. Jina lake Alois. Nilimpelekea maji nikamkaribisha mkekani.

"Ahsante, mwanangu. Nitakaa kwangu."

Siku tatu mzee yule hakukaa. Alisimama kwenye mwimo uleule wa mlango, miguu ikimvimba, na akina baba wakaanza kunong'ona kwamba labda ndiyo dini yao. Nikaona haya kwa niaba ya nyumba. Usiku wa tatu nilimbana mama jikoni, nikamwambia sasa mimi ni mtu mzima mwenye watoto wangu, na kama kuna neno aniambie. Akaniambia nusu. Nusu nyingine nilimfuata mzee Alois asubuhi anipe, kabla hajaanza safari. Tangu siku ile nina hasira, na sijui hasa nimemkasirikia nani. Kwa hiyo naandika.

Tusimsingizie mjomba utulivu ambao hakuwa nao. Mama anasema hata kabla ya mambo yenyewe alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na kazi ya mikono hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Stambuli alikuwa mpwa wa Mzee Mosi, mhunzi, aliyekuwa na kiwanda chake juu ya Bigwa, mahali ambapo njia inaacha migomba na kuanza kupanda kwa hasira. Ilikuwa imekwisha kusemwa kwamba mivukuto ya Mzee Mosi ingekuwa ya Stambuli.

Mivukuto yenyewe ilikuwa mabakuli mawili ya mti yaliyofunikwa ngozi ya mbuzi, kila ngozi na kijiti chake. Mpulizaji alikaa katikati, akapandisha kijiti cha kulia na kushusha cha kushoto, siku nzima, kwa mwendo mmoja. Upepo ulitoka kwenye midomo ya mabakuli, ukaingia katika bomba la udongo, ukafika motoni. Na kati ya midomo ile na bomba la udongo, Mzee Mosi aliacha pengo. Vidole viwili. Kila asubuhi alilipima kwa vidole vyake mwenyewe kabla ya kuwasha.

"Usilizibe hili pengo," alimwambia Stambuli kila mara. "Moto unaozibwa mdomo unamgeukia mwenyewe."

Stambuli aliuliza kwa nini. Akaambiwa ndivyo ilivyo. Pengo likamkaa mkononi, kama kumtangulizia mkubwa salamu. Lililomshinda ni kukaa. Alipuliza nusu saa, akaamka kutazama mvua kama inakuja. Akarudi, akapuliza, akaamka kuona nani anapita njiani. Chuma kikapoa. Mzee Mosi alikuwa na mdomo, akamwambia mbele ya wateja kwamba matako yake yamekopwa na mwenyewe anayadai.

Siku moja wakapeleka majembe kwenye shamba la mkonge la Mjerumani, kule chini, na huko Stambuli akauona mtambo.

Mwaka ulikuwa wa elfu moja mia tisa na kumi, miaka mitatu tangu reli ifike Morogoro. Mtambo ulikuwa umetoka stesheni mwaka uleule wa reli, umekokotwa na ng'ombe: pipa refu la chuma lililolala juu ya magurudumu manne, mlango wa kuni nyuma, dohani mbele, na ubavuni gurudumu kubwa lililovuta mkanda wa kinu cha kuparulia mkonge. Wengine walishangaa ukubwa wake. Stambuli alishangaa kitu kingine. Mvuke uliokwisha kufanya kazi haukutupwa. Uliingizwa katika kibomba chembamba chini ya dohani, ukaruka juu, puh! puh!, na kila ukiruka ulivuta moshi nyuma yake, moshi ukavuta moto kupitia mabomba ya ndani ya pipa, moto ukavuta hewa mpya mlangoni kwa kuni. Kadiri mtambo ulivyofanya kazi, ndivyo moto wake ulivyowaka.

"Mjomba," alisema, "unajipulizia wenyewe! Hakuna mtu aliyekaa!"

Mzee Mosi aliutazama mara moja tu. Wiki ile ile Stambuli akaacha uhunzi, akashuka kuwa mchochea moto.

Fundi wa mtambo alikuwa Alois. Ufundi wa chuma na kusoma alivipata misheni, na Kijerumani kidogo juu yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kufuta mikono kwenye kitambaa kilekile kabla na baada ya kila kazi. Mkono wake wa kushoto haukupanda juu ya bega. Miaka michache nyuma alikuwa amepelekwa bomani kwa ajili ya mkanda uliokatika, akapigwa hamsa-ishirini, viboko ishirini na vitano, na kimoja kilipotea njia kikashukia bega. Watu wote wa shamba walilijua bega la Alois. Walijua pia alichosema daktari wa misheni, kwamba mgongo ule hauwezi kupokea mara ya pili.

Msimamizi wa shamba walimwita Bwana Saa, kwa sababu saa yake ya mfukoni aliitazama kuliko alivyotazama watu. Majina ya wafanyakazi hakuyajua. Alois alikuwa "fundi", Stambuli alikuwa "moto", na waliobaki walikuwa "wewe".

Mwaka na zaidi wawili hawa walifanya kazi vizuri. Stambuli alipata alichokitaka: kuni za kubeba, majivu ya kukokoa, maji ya kutazama, kuzunguka pipa mara mia kwa siku. Alois alimfundisha kusoma kijisaa cha mvuke, chenye mshale mmoja. Mshale ukifika saba, kinu kilikula majani ya mkonge bila kusita. Ukiwa chini ya tano, kinu kilikwama.

Ilipofika Agosti ya mwaka uliofuata, Alois akaomba ruhusa ya siku mbili kwenda kwao Matombo kwenye Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Bwana Saa akatazama saa, akakubali, kwa kuwa mtambo ulitakiwa kusafishwa hata hivyo. Kazi ya kusafisha ikabaki kwa Stambuli peke yake.

Mbele ya pipa, chini ya dohani, palikuwa na mlango wa mviringo. Ukiufungua unaona ncha za mabomba yote, na unayapiga brashi mpaka masizi yatoke. Ukingo wa mlango ulikuwa na kamba nene isiyoungua iliyozunguka ndani ya mfereji wake, na safari hii kamba ya zamani ilikuwa imechakaa. Stambuli akapewa mpya. Kuibadilisha ilikuwa kazi ya Alois siku zote, na mjomba hakuwahi kuifanya. Akaizungusha, akaivuta, ncha zikakaribia kukutana kule chini.

Hapo mkono wake ukasita. Ule ulikuwa mdomo wa moto, na alikuwa anauziba.

Akapima vidole viwili, akakata. Hakufanya kwa uzembe, na hili nalisema kwa nguvu zangu zote. Alifanya kwa adabu, kwa mkono uliolelewa na mhunzi, akaona amemkamilishia Mzungu jambo alilolisahau. Kisha akakaza parafujo ya mlango mpaka mwisho, akafurahi.

Jumatano asubuhi Alois akarudi, wakawasha. Mshale ukapanda polepole mpaka tatu, ukasimama. Wakangoja. Ukafika tatu na nusu. Bwana Saa akaamuru mkanda ufungwe hivyo hivyo, na kinu kilipoanza kuzunguka, mshale ukashuka hadi mbili, majani yakakwama kinuni. Nyuma yao mikokoteni ilikuwa inaingia, maana mkonge ulikuwa umekatwa tangu jana yake, na jani la mkonge lililokatwa halisubiri. Likilala siku mbili linaoza na nyuzi zake hazifai.

"Kuni mbichi," alisema Bwana Saa.

Hazikuwa mbichi. Wakazibadilisha hata hivyo. Alois akatazama kioo cha maji, maji yalikuwa pale yanapotakiwa. Akagonga kijisaa kwa kucha, labda kinadanganya, hakikudanganya. Akasikiliza kifuniko cha usalama kama kinavujisha mvuke, kimya. Stambuli akaingiza mkono chini ya chanja cha moto na kutoa majivu ambayo hata hayakuwapo. Akapanda juu, akashuka. Akalegeza alichokaza Alois, Alois akakikaza tena.

"Mabomba uliyasafisha yote?" aliuliza Alois.

"Yote, fundi. Moja moja."

"Na mlango wa mbele?"

"Nimeufunga mwenyewe. Kamba mpya."

Alois akajaribu parafujo, ikakataa kuzunguka zaidi. Basi akauacha mlango, kwa sababu alimwamini.

Mchana Stambuli akakumbuka kitu cha uhunzini. Mvukuto ukipoteza upepo, Mzee Mosi huwasha gunzi la mahindi, akalizima, na lile gunzi linalofuka akalipitisha polepole juu ya ngozi. Penye tundu, moshi unasukumwa. Stambuli akalipitisha gunzi lake kwenye kila kiungo cha mtambo, kila msumari, kila bomba, akitafuta mahali moshi utakaposukumwa. Haukusukumwa popote. Chini ya mlango wa mbele hakulipitisha kabisa. Pale hapakuwa na kosa, pale palikuwa na pengo lake.

Alhamisi asubuhi ikawa hivyohivyo, mshale tatu na nusu, na harufu ya mkonge unaochacha ikajaa uwanja mzima. Saa sita Bwana Saa akatoka ofisini na karatasi iliyokunjwa. Akampa Alois.

"Leo fanya kazi. Kesho asubuhi peleka boma."

Hakuifunga kwa gundi wala lakiri. Nani angeisoma? Alois akaisoma hapohapo Bwana Saa alipogeuka mgongo, akaikunja tena kwa mikunjo ileile.

"Inasemaje?" aliuliza Stambuli.

"Inasema mkonge wa siku mbili umeoza. Mleta barua apewe ishirini na tano." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Mleta barua. Miaka minne namwashia mtambo, na jina langu halijui."

Stambuli akasema watatengeneza, leo hii watatengeneza, na barua itachanwa. Alois akamwambia aende akale. Akaenda, lakini si kula. Miguu ilimchukua yenyewe, ikavuka mto, ikapita migomba ya Bigwa, ikaanza kupanda. Mzee Alois aliniambia kwamba alidhani amekimbia, na hakumlaumu.

Mzee Mosi alikuwa anapoza patasi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Mtambo hauna pumzi. Nimetazama kila mahali." Alikuwa anazunguka tanuri huku anasema. "Mjomba, lile pengo. Vidole viwili. Kwa nini?"

"Ndivyo nilivyoachiwa."

"Na aliyekuachia?"

"Naye aliachiwa. Unataka nimfufue umuulize?"

Stambuli akachukua donge la udongo wa kichuguu, uliokuwa pale wa kukandikia tanuri, akaliziba pengo kabla mzee hajanyanyuka. Akakaa kati ya mabakuli, akashika vijiti. Msukumo wa kwanza, moto ulinguruma vizuri kuliko siku zote. Akainua ngozi. Akasukuma, akainua. Mara ya nne, alipoinua, mvukuto ukavuta pumzi yake na haukupata pa kuivuta isipokuwa motoni. Cheche zikarudi kupitia bomba, zikaingia tumboni mwa bakuli, ngozi ikafuka, ikatoboka tundu la ukubwa wa kiganja.

"Ngozi ya beberu!" Mzee Mosi alipiga kelele. "Mwanaharamu wewe, ngozi ya beberu!"

Stambuli hakusikia. Alikuwa amekaa, vijiti mkononi, hatikisiki. Mvukuto unapumua kama mtu, unatoa na kuingiza. Unapoingiza unahitaji mahali pa kupata hewa isiyo na moto, na pengo kazi yake ni hiyo tu, basi. Mtambo haupumui hivyo. Mtambo unavuta tu, upande mmoja, kupitia dohani. Ukiuachia pengo pale mbele, unavuta hewa ya bure hapohapo, na moto kule nyuma unakaa na njaa. Kumbe gunzi lake halikuwa la kutafuta mahali moshi unaposukumwa. Alitakiwa kutafuta mahali unapovutwa.

Akachota udongo wa kichuguu ukajaa shuka lake, akateremka mbio. Mzee Mosi alimtukania ukoo ambao ulikuwa ukoo wake mwenyewe.

Alipofika, kabla ya kitu chochote, aliwasha gunzi akalishika chini ya mlango wa mbele. Moshi ukajipinda ukawa uzi, ukaingia ndani. Kamba isiyokutana ncha hailali, nayo ilikuwa imejivuta kwenye mfereji, na vidole viwili vilikwisha kuwa shubiri nzima. Rangi ya chuma mahali pale ilikuwa imebabuka. Ndani, majivu yalikuwa mekundu, yanakula hewa iliyokuwa haki ya moto.

Akaanza kuziba. Alois akaja akasimama nyuma yake, akaona udongo, akaona ncha mbili za kamba zilizokatwa kwa kisu, safi, sawasawa. Fundi hahitaji kuelezwa ncha iliyokatwa kwa kisu. Mama anasema mpaka hapo Stambuli alitaraji kupigwa, na angeshukuru.

"Ziba na huku pembeni," alisema Alois. "Umeacha."

Jua lilikuwa bado halijazama mshale ulipofika saba. Puh! puh! ikarudi, kinu kikaanza kunguruma, watu wa mikokoteni wakapiga vigelegele kama arusini. Bwana Saa akatoka, akatazama kijisaa, akatazama saa yake.

"Vizuri," alisema. Akageuka kurudi ofisini, kisha akakumbuka. "Barua, kesho."

Stambuli akataka kumfuata. Alois akamshika shuka.

"Utamwambia nini? Kwamba ulikata kamba kwa makusudi? Hatajua uhunzi wala pengo. Atasema umeharibu mali kwa kusudi, na hilo si la kiboko, ni la mnyororo. Acha. Mtambo umepona, yaliyobaki ni yangu."

"Si yako, fundi."

"Barua ninayo mimi."

Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Hawakusema kitu juu ya mwiba uliouchomeka wewe ukamwingia mwenzio. Usiku ule, mama anasema, Stambuli alitembea kutoka mlango mpaka uani na kutoka uani mpaka mlango, mpaka mama akamwambia ama alale ama aende akalale na kuku. Moyo wake ulikuwa unamuuma na alisema hivyo, kwa maneno hayo: dada, moyo unaniuma. Alikuwa hajawahi kusema neno la namna ile.

Ijumaa asubuhi Alois akashika njia ya mjini. Barua ilibanwa kwenye ufa wa kijiti kilichopasuliwa, kama barua zote za wakati ule, ili mkono wa mbebaji usiichafue. Stambuli akamfuata nyuma hatua chache. Walipofika kwenye kivuko cha mto Alois akasimama. Alitaka kusali kabla ya mji kuonekana. Akachomeka kijiti mchangani, akapiga magoti, akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho.

Alipoyafumbua, kijiti hakikuwapo, na Stambuli alikuwa ng'ambo, anakimbia.

"Stambuli! We! Rudisha!"

Alois akavuka maji, akakimbia na bega lake lile, akipiga kelele za mwizi. Watu wa njiani wakasimama na mizigo yao ya mboga vichwani. Wakamwona kijana anakimbia na karatasi kwenye kijiti, na fundi wa mtambo anamkimbiza, wakadhani ni mchezo, wakacheka. Dunia hii wameiba ng'ombe, wameiba wake za watu. Huyu alikuwa wa kwanza kuiba viboko. Na kwa mara moja miguu yake isiyotulia ilikuwa na pa kwenda.

Bomani askari akaipokea karatasi, akaingia nayo ndani, akatoka.

"Wewe ndiye mleta barua?"

"Ndiye mimi."

Alois alipofika getini, anahema, viboko vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa kumi na saba. Akapiga kelele kwamba barua ni yake, mtu siye, wamsimamishe. Askari wa getini akamtazama juu mpaka chini.

"Aliyekuja na barua ni yule. Wewe una barua?"

Hakuwa nayo. Akasimama pale akasikia kumi na nane, na vilivyobaki vyote.

Siku tisa Stambuli alilala kifudifudi nyumbani kwa mama, yeye ambaye hakuwahi kulala hata mchana mmoja. Vidonda vya juu vilifunga. Viwili vya chini, mahali mtu anapokalia, vikaoza, vikaliwa mpaka ndani, na vilipopona vilipona vibaya. Kila jioni baada ya kazi Alois alikuja, akasimama mlangoni.

"Leo saba," alisema.

Kesho yake, "Saba na robo."

Siku ya tano alimuuliza kwa nini alifanya vile. Mama alikuwa anachemsha majani ya kumkanda, akasikia jibu.

"Pengo lilikuwa langu, fundi."

Na Bwana Saa? Bwana Saa alimuuliza Alois mara moja tu kama barua imefika. Alois akajibu, "Imefika, Bwana." Akatazama saa yake, akaondoka. Hakuwahi kuuliza "moto" alikuwa wapi siku zile zote. Sasa mnaona kwa nini hasira yangu haina pa kutua.

Vita vikaja, Wajerumani wakaondoka, mtambo ukabaki porini ukiota kutu mpaka watu wakachukua vyuma vyake. Alois akarudi Matombo. Kila mwaka baada ya mavuno alivuka milima na kapu la maharage, wakazungumza na mjomba mchana kutwa pale mlangoni, wote wawili wamesimama. Mama aliwatolea vigoda mwanzoni, kisha akaacha.

Stambuli akarudi uhunzini. Mzee Mosi alipokufa mivukuto ikawa yake, kama ilivyosemwa. Lakini kupuliza ni kazi ya kukaa. Basi akajenga jukwaa la mawe na udongo kimo cha kiuno, akapandisha juu yake tanuri, mabakuli na kila kitu, akapuliza amesimama. Watu walikuja kutoka Kilakala na Towero kumcheka. Baadaye, jembe lake lilipoonekana halipindi, wakaacha kumcheka, na wengine wakaanza kumheshimu kwa hilo jukwaa lenyewe.

Mrithi wake ni mdogo wangu Maneno. Matanga yalipokwisha nilipanda nikamkuta kiwandani na vijana wawili aliowachukua kufundisha. Wote wamesimama. Maneno mishipa ya miguu imemtoka kama kamba za mnazi, na kila baada ya muda anainua mguu mmoja kuupumzisha. Kijana mmoja alijaribu kujiegesha kwenye gogo.

"Simama!" Maneno akamkemea. "Mhunzi wa kweli hakai. Ndivyo tulivyoachiwa."

Nilihisi machozi na kicheko vinakuja pamoja, nikashindwa kuchagua kipi nikizuie.

"Maneno," nilisema. "Kaa chini."

"Dada, kazini hatukai."

"Kaa chini, nikueleze mjomba alikuwa anaumwa wapi."

Akakaa juu ya gogo, na vijana wake wakakaa. Nikawaeleza yote, kama nilivyoyaandika hapa. Nilipomaliza Maneno alijipapasa miguu. Kisha akatazama tanuri, mahali midomo ya mabakuli inapokaribia bomba la udongo.

"Na pengo je? Nalo nizibe?"

"Hilo liache," nilimwambia. "Hilo lina sababu yake."